Yai la Leo Halimenyeki

Trei ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu ilinitia hasara. Mfugaji wa Kisauni aliniuzia mayai yaliyotagwa asubuhi ile ile, nami nikaona nimepata bahati. Jioni, pale Mwembe Tayari, kila ganda nililobandua lilitoka na kipande cha ute. Yai likabaki na mashimo kama limetafunwa na panya. Mteja hanunui yai la namna hiyo hata ulijaze kachumbari ya aina gani.

Shangazi, aliyeniingiza katika biashara ya mayai pasua, aliyatazama akaniuliza tu, "Yametagwa lini, mwanangu?"

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo hewa ya ukaa hutoka siku baada ya siku. Yai likiwa jipya, hewa hiyo bado ni nyingi, na ute ukiiva hung'ang'ania utando ulio chini ya ganda. Hewa ikipungua, ute huachia. Siku hizi trei zangu hukaa ndani karibu wiki moja kabla ya kuonja maji.

Maji nayo yachemke kwanza, ndipo mayai yaingie taratibu kwa kijiko. Dakika 11 zikitimia, nayahamishia kwenye maji baridi papo hapo. Yakizidi jikoni, kiini huzungukwa na rangi ya kijani, na watu hudhani limeoza. Sivyo, ni chuma cha kiini kimekutana na salfa ya ute. Halidhuru, lakini mimi silipasui la namna hiyo. Nalila mwenyewe.

Kupasua ni kwa urefu, na kisu kisifike chini: yai lifunguke kama mdomo, lisigawanyike. Kitunguu nakiosha kwa chumvi kupunguza ukali. Nyanya naikamua mbegu na maji yake, kwa sababu kiini kikilowa huwa tope. Kisha dania, ndimu, pilipili. Jirani zetu wa Tanzania wao hulivika yai zima nyama ya kusaga, wakalikaanga, wakaliita egichopu. Tamu kweli, ila lataka mafuta mengi na jiko la kando. Langu lataka ndoo na kisu.

Kabla ya kutoka nyumbani humenya moja la kujaribia. Ganda likivuka kwa mivuto miwili, nabeba ndoo.