Glayeli ya pori ndani ya parseli yako

Ndugu msomaji, wewe mama na wewe baba wa mitaa ya migodi, bila shaka unajua glayeli. Ni yale maua marefu tunayosimamisha ndani ya chombo siku ya ndoa, ao tunayoweka juu ya sanduku siku ya maziko. Watu wengi wanafikiri ni ua la Wazungu. Hapana. Ukoo wake unatoka Afrika, na hata sasa ndugu yake mmoja anaota porini hapa Katanga bila mtu kumpanda.

UA LENYEWE

Wenye elimu wanaliita Gladiolus dalenii. Linapatikana katika inchi nyingi za Afrika, na hapa kwetu linachanua ndani ya miti ya miombo wakati wa mvua. Majani yake ni kama panga. Shina linaweza kufika mita moja ao kupita, na maua ya njano, ya machungwa ao mekundu yanafuatana juu yake. Ndege wadogo wenye mdomo wa kupindika, wale chozi, wanakuja kunywa maji yake matamu.

Katika karne ya 19 Wazungu walipeleka vitunguu vya ukoo huu Ulaya, wakachanganya aina mbalimbali. Mwaka 1841 Louis Van Houtte wa mji wa Gand, Ubelgiji, alianza kuuzisha moja ya glayeli hizo za kuchanganywa. Kutoka huko zilizaliwa glayeli nyingi za maduka. Ni sawa na shaba: inatoka kwetu bure, inarudi na bei.

JUU YA NINI KULIPANDA?

Unajua vilima vya shaba, namna miti ni michache pale. Udongo wenye shaba nyingi unashinda miti, lakini majani na maua madogo yamezoea. Wataalamu wamehesabu juu ya vilima hivyo aina zaidi ya 500, na nyingine hazioti pahali pengine po pote duniani. Mashine ikikata kilima, inapeleka yote. Na pori la kandokando linaisha kwa makala.

Tuseme kweli: bustani ya nyumba haiwezi kuokoa maua ya vilima vya shaba, kwa maana mengi yanataka udongo ule ule. Lakini glayeli ya pori inakubali udongo wa kawaida. Hii tunaweza kuilinda sisi wenyewe, na watoto wetu wataijua kwa macho, si kwa masimulizi tu.

KUTAFUTA MBEGU

Usingoe kila ua unaloona, maana kesho pori litakuwa tupu. Fanya hivi: wakati ua linachanua, funga kamba ndogo kwenye mti wa karibu ili upajue. Mvua ikiisha, mwezi wa nne ao wa tano, rudi uangalie. Vifuko vya mbegu vitakuwa vimekauka. Ndani yake mbegu ni nyepesi, zenye mabawa, upepo unazibeba. Chukua kiasi, zingine uache zianguke.

Kama mahali panakwenda kulimwa ao kujengwa, omba ruhusa kwa mwenye udongo, kisha chimba vitunguu mbele ya tingatinga kufika. Lakini usiingie ndani ya konsesio ya kampuni, wala usitume mtoto kando ya mashimo ya wachimbaji. Udongo ule unaanguka bila kupiga hodi. Hakuna ua linalolingana na roho ya mtoto.

NAMNA YA KUPANDA

1. Chagua pahali penye jua, maji yasiposimama. Kitunguu kikilala ndani ya matope kinaoza.

2. Panda mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, mvua zikianza. Kitunguu kiingie kama sentimeta 10 chini, na kutoka kimoja mpaka kingine uache 15. Mbegu zenyewe uzifunike na udongo kidogo tu, ndani ya ndoo ya zamani yenye matundu chini.

3. Uwe na uvumilivu. Mwaka wa kwanza mbegu inatoa majani kama nyasi; usiing'oe ukifikiri ni magugu! Mara nyingi ua linakuja mwaka wa tatu. Mwenye kupanda kitunguu kikubwa anaweza kuona maua mvua ile ile.

4. Kiangazi majani yatakauka. Usilie, haikufa. Imelala chini ya udongo. Hapana kumwaga maji kila siku, iache ipumzike. Kila mwaka kitunguu kipya kinafanyika juu ya kile cha zamani, na vitoto vinazaliwa kandokando. Hivyo ndivyo utakavyopata vya kugawia jirani.

5. Fuko wanapenda vitunguu, na kuku wanachakura. Zungushia mawe ao vipande vya waya.

ANGALISHO KWA WAZAZI

Porini kuna ua lingine zuri, jekundu na njano, ambalo majani yake yanajikunja kwenye ncha na kupanda juu ya vichaka, na maua yake yanageuka nyuma kama ulimi wa moto. Ni Gloriosa superba. Kiazi chake ni sumu kali, kinaua mtu. Kama una watoto wadogo, usilete nyumbani. Na glayeli vilevile si chakula wala dawa ya kujaribu: ni ya macho.

Jambo la pili: kuna mmea mmoja, Haumaniastrum katangense, ambao watu wanauita ua la shaba. Unapenda udongo wenye shaba nyingi, hata pahali wazee wa zamani walipoyeyusha shaba. Ukiota wenyewe ndani ya parseli yako, unakupa habari: hapo usipande lengalenga wala mboga nyingine. Tafuta upande mwingine wa kiwanja.

Basi, ndugu msomaji, mvua inayokuja, weka vitunguu vitano tu karibu na mlango. Visipochanua mwaka huu, ngoja mwingine. Siku vitakapochanua, ita watoto, uwaambie: ua hili ni la kwetu.