Mume akiuawa ughaibuni, kibali cha mke nacho hufa

Nyumba nyingi za Ifakara na bonde la Kilombero zina mtoto aliyeondoka. Mmoja yuko Dar es Salaam, analinda geti. Mwingine kapata mkataba nje ya nchi, na baadaye akamvuta mkewe. Huko ugenini, mara nyingi mke huishi kwa kibali cha mumewe. Mume akifa, naye anatakiwa kuondoka.

Marekani ilikutana na jambo hili baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kati ya waliouawa walikuwamo wageni wenye vibali vya kazi, na wajane wao, wengine wakiwa na watoto waliozaliwa kulekule, walijikuta hatarini kufukuzwa kabla machozi hayajakauka. Watetezi wao na baadhi ya wabunge wakalivalia njuga. Sheria ya kupambana na ugaidi iliposainiwa Oktoba 26, ilikuwa na vifungu vya familia: waliotegemea kibali cha marehemu waliweza kubaki walau mwaka mmoja, na ambao maombi ya ukaazi yalishaanza waliruhusiwa kuyaendeleza licha ya kifo. Mwaka mmoja ni mfupi kwa mama mwenye watoto shuleni, hivyo miswada ya kuwapa waliosalia ukaazi wa kudumu ilirudishwa bungeni zaidi ya mara moja.

Vifungu hivyo vilihusu Septemba 11 tu. Bomu la ubalozi wa Marekani lililoua watu 11 Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, siku ileile lingine lilipoua zaidi ya 200 Nairobi, halikuwamo. Hata kwenye fidia, uraia uliamua. Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335 mwaka 2020, raia wa Marekani walitengewa mafungu makubwa kuliko Watanzania na Wakenya waliofanya kazi nao jengo moja. Wafanyakazi waliohamia Marekani na kupata uraia baada ya mlipuko walipigania wahesabiwe sawa, na Desemba mwaka huo Bunge la huko likaidhinisha dola milioni 150 kwa ajili yao. Aliyebaki na pasi ya Tanzania hakuguswa na nyongeza hiyo.

Sasa mjane wa Kilombero aende ofisi yoyote, ya viza au ya fidia. Ataulizwa kwanza ushahidi kwamba alikuwa mke. Ndoa ya kimila haiwi batili kwa sababu tu haikusajiliwa, lakini afisa wa ubalozi hakuwepo siku ya mahari, anataka karatasi. Halafu kuna majina: nyumbani marehemu aliitwa kwa jina la babu, kwenye pasi yuko kwa jina la ubatizo, na cheti cha mtoto kina jina la tatu. Hapo huanza safari za hati ya kiapo, muhtasari wa kikao cha ukoo na Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi.

Cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vyenye jina moja la baba hupatikana kwa urahisi zaidi kabla hajapanda basi.