Watalii Wanavuka Mpaka: Je, Mapato Yanafika Kijijini?



Kamati za parokia zilizo karibu na mipaka zimekuwa zikituuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Serikali zetu zinasema zinashirikiana kukuza utalii wa kanda, na magari ya watalii tunayaona yakipita kila siku. Sisi tulio kando ya barabara tunapata nini? Katika toleo hili tunaeleza jinsi ushirikiano huo unavyofanya kazi, ili kamati inapokwenda kudai haki ijue inagonga mlango upi.

Msingi wa jambo hili ni Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999. Ibara ya 115 inazitaka nchi wanachama kuutangaza utalii kwa pamoja na kuweka viwango vinavyofanana vya hoteli. Vigezo vya kuzipanga hoteli kwa nyota vilikubaliwa mwaka 2006, na maonyesho ya kwanza ya utalii ya Jumuiya yalifanyika Arusha mwaka 2021. Haya ni mazuri, lakini mwenye kibanda cha shanga pale Namanga hayamgusi sana.

Viza ya pamoja inamgusa zaidi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii ya dola 100 za Marekani, inayomruhusu mgeni kuingia na kutoka katika nchi hizo tatu kwa siku 90. Mgawanyo uliokubaliwa ulikuwa rahisi: nchi inayotoa viza inabaki na dola 40, na nyingine mbili zinapata dola 30 kila moja. Tanzania haikujiunga. Kwa hiyo mgeni anayetoka Nairobi akaenda Kigali na kurudi halipi tena, lakini akivuka Namanga kuja Arusha anahitaji viza nyingine. Familia yenye watoto watatu huifikiria gharama hiyo kabla ya kupanga safari.

Kati ya Kenya na Tanzania kuna makubaliano ya zamani zaidi, ya mwaka 1985, yanayoelekeza watalii wabadilishe magari katika miji iliyotajwa ya mpakani. Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya utalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Nairobi, na zuio hilo likaondolewa Machi 2015 baada ya marais wa nchi hizo kukutana. Miezi ile iliwaumiza madereva, si mawaziri. Halafu kuna lango la Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, ambalo limefungwa kwa watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Nyumbu wanavuka kila mwaka bila kuulizwa hati, ila mgeni anayetaka kuwafuata huzunguka hadi Isebania na Sirari. Wanaotaka lango libaki limefungwa wana hoja pia. Wanasema mgeni angelala upande mmoja na kuutazama upande wa pili kwa saa chache tu, na magari yangezidi katika eneo lisiloyahimili.

Mfano tunaoona una mafunzo mengi kwa kamati zetu uko milima ya Virunga, mahali Rwanda, Uganda na Kongo zinapokutana. Sokwe wa milimani hawaujui mpaka, na kundi lililozoeshwa kutembelewa na wageni upande wa Uganda linaweza kuhamia Rwanda kwa miezi kadhaa. Nani atoze kibali? Mwaka 2006 mamlaka za hifadhi za nchi hizo zilikubaliana kufuatilia makundi ya namna hiyo kwa pamoja na kugawana mapato yake. Sensa zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019 zilihesabu sokwe 604 katika Virunga na 459 katika Bwindi. Miaka ya mwanzo ya 1980 Virunga yote ilikuwa na takriban 250. Kazi hii imefanyika katika eneo lenye vita. Mwanzoni mwa 2025 kundi la M23 liliuteka mji wa Goma, na mahali penye risasi mkataba wa utalii haumleti mgeni.

Lakini kugawana kati ya serikali ni jambo moja, na kugawana na wananchi ni jambo jingine. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya majirani wa hifadhi. Mwaka 2017 bei ya kibali cha sokwe ilipanda kutoka dola 750 hadi 1,500, na fungu la wananchi likawa asilimia 10. Ukipiga hesabu, mchango wa kibali kimoja ulitoka dola 37.5 ukafika 150. Fedha hizo hujenga madarasa, vituo vya afya na matangi ya maji. Uganda sheria inatoa asilimia 20, na kwa masikio hiyo ni zaidi, lakini ni asilimia 20 ya kiingilio cha lango, si ya bei ya kibali, na kiingilio ni kidogo sana kikilinganishwa na kibali. Kamati isikilize kwanza asilimia ya nini, ndipo ifurahie tarakimu.

Njia nyingine ni wananchi kumiliki kitega uchumi wenyewe. Pale Kinigi, Rwanda, chama cha wananchi kiitwacho SACOLA kinamiliki hoteli ya Sabyinyo Silverback, na kampuni binafsi inaiendesha na kukilipa chama kwa kila mgeni anayelala.

Kwa parokia zetu zinazopakana na hifadhi za Tanzania, mlango wa kugonga ni idara ya ujirani mwema ya TANAPA, inayosaidia miradi inayoibuliwa na vijiji. Maombi hupitia serikali ya kijiji, kwa hiyo mradi uliopitishwa na kamati ya parokia peke yake hautafika mbali, hata ukiwa mzuri. Tunazishauri kamati zihudhurie mkutano mkuu wa kijiji, mradi uandikwe katika muhtasari, na nakala ya muhtasari huo itunzwe. Wafadhili wetu nao wanapoombwa kuchangia kikundi cha ngoma au cha kazi za mikono mpakani, waulize mapema kama kikundi kina makubaliano ya maandishi na waongoza watalii, na ni nani anayeshika fedha mgeni akishalipa.