Kipando Chema: Kabla Hatujalinunua Gari la Turbo

Kila meli ya magari itiapo nanga Kilindini hushusha vipando vilivyokwisha tumika Japani na nchi nyingine. Miongoni mwa Toyota ndogo za kubebea familia hapakosi Subaru, Mitsubishi au Volkswagen ya mbio, yenye injini ya turbo na bodi iliyoinamia chini. Sisi wa Mombasa ndio wa mwanzo kuyaona magari hayo, kabla hayajapanda bara kwenda Nairobi na Kampala. Basi si ajabu kwamba swali hili limeingia katika nyumba zetu: je, tuliuze gari letu la kawaida, tuongeze fedha, tupate la turbo lililotumika?

Swali hili si la vijana peke yao. Katika nyumba nyingi mume ndiye mwenye hamu, lakini mke ndiye anayeulizwa kama bangili zake za dhahabu zaweza kuuzwa. Mama ndiye anayeombwa fedha alizoziweka kwa ajili ya Umra. Watoto ndio watakaoketi kiti cha nyuma. Kwa hiyo tumeona tulizungumze jambo hili wiki hii, pasi na kumbeza apendaye gari zuri.

Kupenda mbio si dhambi

Tuanze kwa uadilifu. Katika Suratun-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupanda na pia ni pambo, kisha anatukumbusha kwamba huumba tusivyovijua. Pambo limetajwa pamoja na manufaa, halikuharamishwa. Na katika Hadithi iliyopokewa na Saad bin Abi Waqqas, radhi za Allah ziwe juu yake, kipando kizuri kimehesabiwa miongoni mwa mambo yanayomletea mja furaha, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema.

Mbio zenyewe pia zina asili. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi. Waliotayarishwa kwa mbio walikimbizwa kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiotayarishwa wakapewa masafa mafupi zaidi, kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Tuizingatie vizuri habari hii. Mbio zilikuwa na mahali pake, masafa yake yalipimwa, na kila mnyama alipewa kiasi cha uwezo wake. Hazikuendeshwa sokoni wala katikati ya watoto wa watu.

Nchi yetu nayo ina historia ya mbio. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Gari la Subaru Impreza lilishinda mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 likiwa mikononi mwa Richard Burns. Wengi walio na umri wa ubaba leo walikuwa watoto wakati huo, na sauti ya injini ile haijawatoka masikioni. Hamu hiyo twaifahamu. Lakini hamu ni jambo moja, na hesabu ya nyumba ni jambo jingine.

Turbo hufanya nini

Aliyeisajili kwanza fikra ya turbo ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Fikra yenyewe ni nyepesi kuifahamu. Moshi unaotoka katika injini hauachwi upotee bure. Hupitishwa kwenye feni ndogo na kuizungusha. Feni hiyo imeunganishwa na nyingine inayovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na nguvu hupatikana kubwa kutoka kwa injini ndogo.

Lakini, kama walivyosema wazee, usione vyaelea, vimeundwa. Feni hizo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, tena katika joto kali, na kinachozilinda ni utando mwembamba wa oili tu. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa hafifu, turbo ndiyo ya kwanza kuumia. Ndiyo sababu gari la namna hii hudai oili bora, ibadilishwe mapema, na dereva mwenye subira: asilikimbize likiwa bado baridi, wala asilizime mara tu baada ya mwendo mkali. Magari mengi ya mbio ya Japani pia yameundwa kwa petroli ya oktani ya juu, ambayo ni ghali kuliko supa ya kawaida.

Gari lililotumika huja na tabia za mwenyewe wa kwanza. Gari la kawaida mara nyingi liliendeshwa kwa kawaida. Gari la mbio aghalabu lilinunuliwa na mtu apendaye mbio.

Hesabu ya mezani

Tuchukue karatasi. Sheria ya Kenya, kwa kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Viwango, KEBS, haikubali gari lililotumika liingie likiwa limepita miaka minane. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ni asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini ya petroli isiyozidi sisi 1500, na asilimia 25 kwa injini nyingi zinazozidi hapo. Kisha huja VAT ya asilimia 16, na kila ushuru hupandishwa juu ya uliotangulia.

Tuseme thamani ya gari kwa hesabu ya forodha ni shilingi 1,000,000, na injini yake ni ya sisi 2000. Forodha ni 350,000. Ushuru wa bidhaa ni 337,500. VAT ni 270,000. Jumla ya ushuru ni 957,500, na bado hatujatia ada za uagizaji, gharama za bandari wala ujira wa wakala. Bei ya gari karibu imezidi mara mbili kabla halijafika Makupa. Gari la sisi 1500 lenye thamani hiyohiyo lingelipiwa 879,200. Na anayenunua kwenye yadi asidhani ameepukana na hesabu hii. Imo ndani ya bei aliyotajiwa.

Baada ya kununua kuna kuliendesha. Tuseme gari letu la sasa lakwenda kilomita 15 kwa lita moja, nalo la turbo kilomita 9, na familia hutembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa mfano wa shilingi 180 kwa lita, la kwanza latumia shilingi 12,000 na la pili shilingi 20,000. Tofauti ni shilingi 8,000 kila mwezi, yaani 96,000 kwa mwaka, hata kabla ya oili, matairi mapana, breki na bima. Kila nyumba yajua shilingi 96,000 zingefanya nini: karo, dawa za mzazi, au kuanzisha akiba ya Hija.

Njia zetu na jirani zetu

Mji wa Kale haukujengwa kwa ajili ya magari. Njia zake zilipimwa kwa bega la hamali na mkokoteni wake. Katika vichochoro vya Kibokoni na Kuze, tuktuk mbili zikikutana, moja hurudi nyuma. Ndia Kuu yenyewe huenda mtu akaipita gari kwa miguu. Ukitoka hapo wakutana na foleni ya Barabara ya Digo, kisha ya daraja la Nyali, au wapanga safu kungojea feri ya Likoni, ambako gari lenye tumbo la chini huweza kukwaruza kwenye mlango wa kupandia. Na mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa. Nguvu hiyo yote, basi, tutaitumia wapi?

Jawabu la hatari ni lile la usiku wa manane, barabara zikiwa tupu. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya. Katika Suratul-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Kijana aliyepewa ufunguo wa gari asilolimudu amewekewa mtihani asiouomba, na aliyempa ana sehemu yake katika majukumu.

Yuko jirani pia. Ekzosi iliyotobolewa ili ingurume huamsha mgonjwa, humtisha mtoto mchanga, na humkatiza aliyesimama kwa sala ya usiku. Haki ya jirani haiishii kwenye sahani ya futari.

Dhahabu ya mke, na mlango wa riba

Hapa ndipo nyumba nyingi huumia kimyakimya. Mahari ya mke na dhahabu yake ni mali yake mwenyewe. Suratun-Nisaa, aya ya 4, imewaruhusu waume kula katika hiyo mahari pale tu wake wanapoitoa kwa ridhaa ya nafsi zao. Ridhaa si kunyamaza. Mke aliyeombwa mbele ya wakwe, au aliyeona mume amenuna siku tatu, hajaridhia, amechoka. Mwenye kuazima dhahabu ya mkewe na aandike deni, aweke na mashahidi, kama aya ya madeni ilivyoagiza. Na mke akikataa asihesabiwe kuwa mchoyo.

Wengine hukimbilia mikopo ya kuweka rehani logibuku. Mikopo hiyo aghalabu huwa na riba nzito, na gari huenda likachukuliwa na deni likabaki. Asiyekuwa na fedha taslimu ana mlango mwingine. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, ya kwanza zikiwa Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa yaitwa Premier Bank. Katika murabaha benki hulinunua gari kwanza, ikalimiliki, kisha ikakuuzia kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake, nayo bei haiongezeki kwa kuchelewa. Lakini hata deni la halali ni deni. Halifai kubebwa kwa ajili ya pambo huku karo haijalipwa.

Ikiwa nia imethubutu

Kwa familia ambayo imepiga hesabu na ikaridhika, tuna nasaha chache.

Mwende na fundi wenu wenyewe, asiwe wa muuzaji. Muuzaji aambiwe asiliwashe gari kabla yenu, kwa kuwa injini iliyokwisha pata moto huficha mengi. Likiwashwa baridi, tazameni moshi: wa buluu ni dalili ya oili inayoungua, mweupe usiokoma huenda ikawa ni maji ya kupoza injini. Sikilizeni kama turbo yalia mlio wa kukwaruza. Ulizeni ni nini kilichobadilishwa. Gari lililoongezwa presha ili likimbie zaidi limepunguziwa umri.

Kama ni gari la mnada wa Japani, ombeni karatasi ya mnada. Alama ya R huonyesha kwamba gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Linganisheni kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye mita. Tazameni chini ya gari, kwani upepo wetu wa chumvi hauna huruma na bodi iliyokwisha anza kutu. Hakikisheni kwa NTSA kwamba logibuku ni ya huyo anayeuza, na fedha zisitoke mkononi kabla ya hapo.

Nasi tukiwa wauzaji, tukumbuke kisa alichokipokea Muslim: Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji uliofichwa chini. Alimkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone. Anayemwaga oili nzito ili moshi usionekane siku ya kuuza amefanya yaleyale.

Jaribio la miezi sita

Kuna njia moja ya kujipima ambayo haigharimu chochote. Kabla ya kununua, familia na iweke kando kila mwezi ile tofauti ya shilingi 8,000, au kiasi chao kilivyo, kana kwamba gari la turbo limekwisha fika mlangoni. Wafanye hivyo miezi sita. Ikiwa karo imelipwa, mzazi ametunzwa, sadaka haikukatika, na hakuna aliyeenda kukopa, basi watakuwa na shilingi 48,000 za akiba ya matengenezo na moyo uliotulia. Ikiwa mwezi wa pili tu fedha hizo zimeguswa, gari limekwisha jibu kabla halijanunuliwa, na fedha zenyewe zimebaki nyumbani.

Katika muda huo mume na mke washauriane, na watoto waliobaleghe wasikilizwe, kwani Suratush-Shura imewasifu ambao mambo yao ni kushauriana. Kisha isaliwe rakaa mbili za Istikhara, kama alivyotufundisha Mtume katika Hadithi ya Jabir, na aombwe Mwenyezi Mungu alete lenye kheri na atupe kuliridhia. Wala dua hiyo haitaki haraka. Meli zitaendelea kuingia Kilindini, na magari mazuri hayatakwisha.

Mwenyezi Mungu atubarikie vipando vyetu, vikubwa kwa vidogo, na atufikishe salama tuendako. Wabillahi tawfiq.