Je, Wajua? Kutoka Matisi Hadi Padua

Je, wajua kwamba Mtakatifu Antoni wa Padua hakuwa Mwitaliano? Yule ambaye shule ya wavulana ya St. Anthony's pale Kitale, jirani na Matisi, imechukua jina lake, alizaliwa Lisbon, Ureno, mwaka 1195. Na wazazi wake walimwita Fernando!

Safari yake sasa. Alipanda meli kuja huku kwetu Afrika, ahubiri Moroko! Akaugua, akageuza kurudi Ureno, dhoruba ikamtupa Sicily. Ni upepo uliowapa Waitaliano mtakatifu wao, ndugu yangu.

Hebu hesabu nami: alifariki 13 Juni 1231, akatangazwa mtakatifu 30 Mei 1232. Siku 352 tu! Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1263 mwili ulikuwa umeoza, lakini ulimi ulikuwa mzima. Ulimi wa mhubiri! Hadi leo mahujaji huenda kuutazama Padua.

Jina Antoni alilipata wapi? Kwa Mwafrika: Antoni wa Misri, mtawa wa jangwani. Huyo naye ana mji wake Italia, Sant'Antonio Abate, karibu na Naples. Kila 17 Januari, sikukuu yake, Waitaliano hupeleka ng'ombe, farasi, mbwa na paka kanisani wakabarikiwe. Wafugaji wa Trans Nzoia, mnasikia hayo?

Bado. Kisiwa cha Sant'Antioco, Sardinia, kina jina la mtakatifu anayesimuliwa kuwa tabibu kutoka Afrika Kaskazini. Zeno, msimamizi wa jiji la Verona, naye husimuliwa kuwa alitoka Afrika Kaskazini.

Tuvuke sasa hadi Bungoma, na hapa ndipo ninaposisimka. Kardinali Maurice Otunga, mzaliwa wa Chebukwa, alikuwa Mkenya wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1973. Kila kardinali padre hukabidhiwa kanisa Roma, na lake lilikuwa la San Gregorio Barbarigo. Gregorio huyo alikuwa nani? Askofu wa Padua, kuanzia 1664! Mji uleule wa Antoni wa Kitale!

La mwisho, usiondoke. Roma kuna parokia iitwayo Santi Martiri dell'Uganda, yaani ya akina Karoli Lwanga, mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Ukijaliwa kufika Roma, uliza njia uende ukasali pale.