Ulimi wa mama mkwe: kwa nini unaoza, kwa nini unapoteza njano, na kwa nini hauwezi moshi wa makala



Leo tuongee juu ya mmea moja ambao kila mtu anaujua. Majani yake ni marefu na magumu, yamesimama sawa vile mapanga, yako na mistari ya kijani cheusi na kijani cheupe, na mara mingi ukingo wa njano. Kwa Kifaransa tunauita langue de belle-mère, ni kusema ulimi wa mama mkwe. Uko kwenye mlango wa benki, kwenye barza ya hoteli, kwenye saloni za watu. Tena siku hizi vijana wengi wenye licence na bila kazi wanauotesha na kuuuza kando ya barabara. Ni kazi nzuri. Lakini mtu anayeuza kitu bila kukielewa anaweza kudanganya mteja na hata yeye mwenyewe asijue.

Kwanza tujue hivi: mmea huu haukutoka Ulaya. Kwao ni huku kwetu, kuanzia Nigeria mpaka Congo, chini ya miti na kwenye sehemu za mawe. Ile aina ya ukingo wa njano inaitwa laurentii, jina alilolitoa Émile De Wildeman, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, kwa heshima ya Émile Laurent. Laurent alikuwa profesa wa Gembloux, akakusanya mimea hapa Congo, akafariki 1904. Mmea ulipanda mashua kwenda Ulaya, na leo unaturudilia ndani ya chungu kizuri, bei juu. Miaka mingi wasomi waliuita Sansevieria trifasciata. Tangu 2017 wengi wanauweka kwenye ukoo wa Dracaena. Musishangae mukikuta majina mawili.

Sasa tuingie kwenye maswali matatu ambayo watu wanauliza kila siku. Majibu yote yako ndani ya jani.

Swali la kwanza: "Nauangalia vizuri, kwa nini unaoza?"

Unaoza juu unauangalia sana. Kata jani moja katikati uone: ni nene, limejaa maji. Ile ni bidon yake. Tena mimea mingi inafungua vitundu vya majani (stomata) mchana ili kuingiza gazi kaboniki, na maji inapotea na jua. Huu unafanya kinyume. Mchana unafunga, usiku unafungua. Gazi ile unaitunza usiku kucha ndani ya jani kama asidi, halafu mchana, mwangaza ukifika, unaitumia kutengeneza chakula. Wenzetu wa agronomie wanakumbuka: ni CAM, sawa vile nanasi.

Basi mmea wenye bidon yake na unaofunga mlango mchana unahitaji maji kidogo sana. Kumbe sisi tunaumwangia kikombe kila asubuhi! Udongo unabaki matope, mizizi inakosa hewa, inakufa, kuvu inaingia. Jani linakuwa laini kwa chini, njano, linanuka, linaanguka. Mwenye nyumba anafikiri ni kiu, anaongeza maji ingine. Hivyo ndivyo mimea mingi inakufa.

Kanuni ni rahisi. Ingiza kidole ndani ya udongo mpaka mwisho. Kama kuko unyevu, uache. Kama umekauka kabisa, mwangia mpaka maji itoke kwa chini, kisha mwanga ile iliyobaki kwenye sahani. Mahali pa joto kama Uvira, inaweza kuwa kila wiki mbili. Bukavu na Goma, ambako usiku kuna baridi, wiki tatu au hata mwezi. Chungu lazima kiwe na matundu. Kopo lisilotobolewa ni sanduku ya maiti.

Kwa udongo, usitumie udongo mtupu wa shamba, unashikamana sana. Changanya sehemu moja ya udongo, moja ya mbolea ya majani iliyooza vizuri, na mbili za mawe madogo. Watu wa Goma muko na bahati: zile kokoto nyepesi za volkano zinapitisha maji vizuri sana, na ziko chini ya miguu yenu. Mwangaza: unavumilia giza, lakini kuvumilia si kukomaa. Uweke karibu na dirisha, utaona tofauti.

Swali la pili: "Nilikata jani la njano, kwa nini mtoto ni kijani?"

Hapa ndipo wauzaji wengi wanaaibika. Kuotesha kwa jani ni rahisi: unakata vipande vya sentimita 8 mpaka 10, unaviacha kivulini siku mbili au tatu kidonda kikauke, unavipanda. Uangalie tu upande wa chini ubaki chini, ukigeuza havitaota. Mizizi inatoka kisha wiki kadhaa, watoto wanakawia miezi.

Lakini watoto wa jani la laurentii wanatoka kijani tupu. Haiko uchawi, na haiko udongo mubaya. Mmea huu uko na seli za namna mbili ndani ya mwili moja: seli za kijani, na seli za ukingo ambazo hazina ile rangi ya kijani. Zinaishi pamoja kwa mpangilio, sawa vile kitambaa chenye pindo lililoshonwa. Ukipanda kipande cha jani, chipukizi mupya linajijenga kutoka seli za kijani za ndani, na pindo halifuati.

Ukitaka njano ibaki, gawa shina. Chini ya udongo kuko shina nene linalotambaa (rizomu), na kila kichipukizi kinachotoka pale kinabeba mpangilio wote. Toa mmea ndani ya chungu, kata rizomu kwa kisu kisafi ili kila kipande kiwe na majani na mizizi yake, acha kidonda kikauke siku moja mbili, panda, na usimwangie wiki ya kwanza. Hii njia ni ya polepole: chungu kimoja kinakupa mimea miwili, mitatu. Ndiyo sababu ya njano inauzwa bei kuliko ya kijani. Mteja akikuletea franga ya njano, usimupe kipande cha jani na kumuambia "njano itatoka." Haitatoka.

Swali la tatu: "Ni kweli unasafisha hewa ya nyumba?"

Hili ndilo linanisumbua zaidi. Maneno haya yalianza na utafiti wa NASA wa 1989. Kweli walijaribu mmea huu, lakini ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Nyumba haiko kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani, Cummings na Waring, walikusanya majaribio mengi kama yale, wakapiga hesabu: ili mimea ifanye kazi ya hewa inayopita kwa kawaida ndani ya nyumba, ingehitajika kati ya 10 na 1000 kwa kila meta mraba. Chumba cha meta 4 kwa 4 kingetaka mimea 160 kwa uchache. Utalala wapi?

Wengine wanasema unatoa oksijeni usiku. Hapana. Usiku unaingiza gazi kaboniki kidogo, lakini oksijeni inatoka wakati wa mwangaza.

Kwa nini nasisitiza? Juu kwetu watu wanapikia makala, na usiku wa baridi wanaingiza babula ndani ya chumba na kufunga mlango. Ile gazi ya makala, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi. Inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na mtu anaondoka akiwa usingizini. Muuzaji akimuambia mama "mmea huu unakula hewa mbaya," mama anaweza kumuamini, aache kufungua dirisha. Hakuna mmea wa chungu unaoweza kumuokoa. Babula ibaki inje.

Kwa hiyo, ndugu unayeuza, mteja umuambie mambo haya: maji kidogo, njano kwa rizomu, watoto na mbuzi wasitafune majani juu yako na sumu ndogo ya kuumiza tumbo, na dirisha lifunguliwe kila siku. Mmea ni muzuri, unavumilia, na ni wa kwetu. Unauzika bila uongo.