Je, Wajua? Adui wa Figo Aweza Kuzaliwa Mfupani

Je, wajua kwamba figo ndizo zinazouamrisha uboho utengeneze damu? Figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo husafiri hadi ndani ya mifupa na kuchochea uzalishaji wa chembe nyekundu. Ndiyo maana mwenye ugonjwa sugu wa figo mara nyingi hupungukiwa damu, akachoka upesi na kuhema akipanda ngazi. Hilo madaktari wanalijua tangu zamani. Jipya ni kwamba uboho nao unaweza kuziumiza figo.

Je, wajua uboho wa mtu mzima huzalisha takriban chembe nyekundu milioni 2 kila sekunde? Kazi yote hiyo imebebwa na seli shina zinazokadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 200,000 tu. Kila seli shina inapogawanyika, kosa dogo linaweza kuingia katika DNA yake. Makosa mengi hayadhuru. Machache huipa seli uwezo wa kuzaana kuliko wenzake, na miaka inavyopita ukoo wake hutapakaa katika damu.

Kosa hili hukulirithi kwa baba wala mama, na wanao hawatalirithi kwako. Hupatikana ukubwani.

Jeni zinazotajwa zaidi kupata kosa hili ni DNMT3A, TET2, ASXL1 na JAK2. Tafiti za mwaka 2014 zilionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 waliovuka miaka 70 anao ukoo wa namna hii, ilhali kwa vijana ni nadra sana. Si saratani, ingawa huongeza uwezekano wa saratani ya damu, na wengi walio nao hawataipata kamwe.

Je, wajua unaweza kuwa na ukoo huu na picha kamili ya damu ikarudi safi kabisa? Kuuona kunahitaji kusoma DNA yenyewe. Wataalamu huuhesabu kuwa upo nakala zenye kosa zinapofika asilimia 2 ya nakala zote za jeni hiyo katika damu. Kila seli ina nakala mbili, na kwa kawaida ni moja tu yenye kosa, kwa hiyo asilimia 2 hiyo ni kama seli 4 katika kila 100. Chache, lakini zina fujo.

Fujo yenyewe iko hivi. Ukoo huo huzaa pia seli nyeupe, zikiwemo makrofaji, walaji wa vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Jeni ya TET2 ikiwa nzima husaidia kuwatuliza. Ikiharibika, makrofaji humwaga interleukini kupita kiasi, yaani kemikali zinazoichochea kinga ya mwili ipigane hata pasipo na adui. Na figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo! Wapiganaji hao hupita humo mchana na usiku.

Mwaka 2024 jarida la Nature Medicine lilichapisha uchunguzi uliohusisha watu 442,153. Wenye ukoo huu walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 26 hivi, ya figo kuumia ghafla. Kwa jeraha kali la kumfikisha mtu kwenye mashine ya kusafisha damu, hatari iliongezeka kwa asilimia 65 hivi. Makosa ya jeni nyingine yalikuwa mabaya kuliko ya DNMT3A. Panya waliowekewa uboho usio na Tet2 walionyesha sababu: figo zao zilipoumizwa, makrofaji walijazana humo, na makovu yakawa mengi kuliko ya wenzao. Kovu halichuji damu. Hapo ndipo jeraha la siku chache hugeuka ugonjwa wa maisha.

Kwa walio na ugonjwa sugu tayari, uchunguzi wa makundi mawili ya wagonjwa, uliotoka mwaka 2022, uliuhusisha ukoo huu na figo dhaifu zaidi na upungufu mkubwa zaidi wa damu.

Je, wajua Afrika inahusika moja kwa moja? Mwaka 2020, watafiti waliosoma jenomu 97,691 walikuta karibu na TET2 tofauti ya kurithi iliyoonekana kwa watu wenye asili ya Afrika pekee, nayo huongeza zaidi ya mara mbili uwezekano wa kupata ukoo huu. Hata hivyo, wengi wa waliochunguzwa hadi leo katika hazina kubwa za taarifa za afya, kama ile ya Uingereza, ni wenye asili ya Ulaya. Hilo si haki, na linatuachia pengo pale hasa tunapohitaji majibu.

Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuufuta ukoo huu. Lakini sigara imehusishwa na makosa ya ASXL1, na hiyo unaweza kuiacha. Usimeze diklofenaki kila siku kwa kuwa tu duka la dawa liko jirani, maana dawa za maumivu za aina hiyo zinaweza kuumiza figo. Na kama una presha, kisukari au umevuka miaka 60, omba kipimo cha kreatinini na cha protini kwenye mkojo mwezi huu huu, kabla miguu haijaanza kuvimba.